Kazi ya kwanza ya uuguzi Nairobi: kutoka cheti hadi zamu ya kwanza

Kazi ya kwanza ya uuguzi Nairobi ni nadra kutoka gazetini. Wauguzi wengi ninaowajua hapa jijini walianza kwa simu. Mwenzao ameugua, mwingine amekwenda ushago kwa matanga, na msimamizi wa wodi anapekua simu yake akitafuta mtu anayeweza kufika kabla ya saa moja jioni. Aliyepokea, aliyekuwa na leseni na aliyeweza kufika ndiye aliyepata zamu ile. Akaitwa tena, akazoeleka, na kandarasi ikafuata.

Matangazo yapo, na nitayafikia. Lakini nimepanga hatua hizi kwa nia moja: simu hiyo ikilia ikukute tayari, na kabla haijalia, jina lako liwe limo kwenye simu ya mtu.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya Baraza

Bila Baraza la Wauguzi la Kenya huna kazi. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, hairuhusu mtu kuhudumu bila kusajiliwa na kuwa na leseni. Hapa wahitimu wapya huchanganya vitu vitatu: cheti cha chuo, cheti cha usajili na leseni ya kuhudumu. Cha chuo kinasema ulisoma. Cha usajili kinasema ulifaulu mtihani wa Baraza na jina lako limo katika rejista. Leseni ndiyo inayokuruhusu kumgusa mgonjwa leo, nayo ina tarehe ya kuisha. Mwajiri makini hatazami karatasi uliyomletea tu. Anaingia mtandaoni na kukagua jina lako mwenyewe.

Kati ya mtihani na leseni kuna kipindi cha kusubiri, na hapo ndipo kishawishi huja. Rafiki ana kliniki mtaani, anakuambia uje "usaidie tu" kuchoma sindano. Usiende. Mgonjwa akipata madhara, mwenye kliniki atakuwa wa kwanza kusema hakujui, na utakayeitwa mbele ya Baraza ni wewe, kabla hata hujaanza kazi.

Waliosoma shahada wana mwaka mmoja wa uanagenzi, na vituo hupangwa na Wizara ya Afya. Miaka ya karibuni upangaji huo umekuwa ukichelewa na malipo yamezua mivutano, kwa hiyo usijiwekee tarehe ngumu kichwani. Ukishapelekwa kituoni, chukulia mwaka huo kama mahojiano marefu. Kila msimamizi wa wodi unayepitia ni mrejelewa wako wa kesho. Wenye stashahada, yaani KRCHN, huingia sokoni mapema zaidi, lakini nao huanza bila mwaka huo wa kujuana na watu. Hatua ya 5 itawafaa zaidi.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni majina. Kitambulisho kinasema hivi, cheti cha KCSE kinasema vile, cha chuo kimeongeza jina la ubatizo. Kalinganishe karatasi zako zote leo. Kama kuna tofauti, nenda kwa wakili ule kiapo sasa. Usingoje afisa wa ajira akuulize huyu mwingine ni nani.

Hatua ya 2: Bahasha moja, faili moja

Weka nakala ngumu katika bahasha, na uziskani zote ziwe faili moja ya PDF kwenye simu, yenye jina lako. Ukiambiwa "nitumie karatasi zako", uzitume kabla mtu huyo hajaondoka kwenye WhatsApp. Ndani yake kuwe na:

- cheti cha usajili na leseni ya Baraza
- cheti cha chuo pamoja na matokeo yake
- KCSE
- kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA
- namba za NSSF na SHA (bima ya afya ya serikali)
- cheti cha BLS, kozi ya kuokoa uhai ya msingi, ukiwa nacho
- kadi ya chanjo ya homa ya ini aina ya B

Hiyo ya mwisho wengi huiacha. Chanjo hiyo ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Ulipokuwa chuoni huenda ulianza ukaishia njiani. Kamilisha. Hata mwajiri asipouliza, damu utakayoishika ni yako na ya mgonjwa, si ya mwajiri.

Kuhusu cheti cha tabia njema, barua ya HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), cheti cha ushuru, fomu ya EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na ripoti ya CRB (rekodi ya mikopo yako): mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti hivi vya uidhinishaji kutoka kwa mwombaji ambaye bado hajapewa ofa ya kazi. Wapo wanaoendelea kuviorodhesha katika matangazo kana kwamba sheria haikubadilika. Mimi ningemshauri mhitimu asiye na pesa hivi: vya bure chukua sasa, vya kulipia ngoja ofa. Cheti cha tabia njema kinaombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, halafu unapeleka alama za vidole, na hudumu mwaka mmoja tu. Ukikichukua ukiwa na haraka isiyo na sababu, kinaweza kuisha muda kabla ya kukufaa. Fomu ya EACC ni tamko unalojaza na kutia sahihi mwenyewe. Ukiona mtu wa saiba anakutoza pesa nyingi kwa ajili yake, hama saiba.

Hatua ya 3: CV inayosema mikono yako inajua nini

Kurasa mbili zinatosha. Dini, hali ya ndoa na shule ya msingi havihitajiki. Anayesoma CV yako ni muuguzi mwenye wagonjwa wanaomngoja, na anatafuta jibu la swali moja: nikimweka huyu wodini usiku, ataweza nini?

Kwa hiyo usiandike "nilifanya mafunzo katika wodi mbalimbali". Andika hivi: "Wodi ya wazazi, hospitali ya kaunti, wiki nane: nilizalisha chini ya usimamizi, nilijaza patografu, nilihudumia watoto wachanga waliochelewa kupumua, nilitoa dawa za zamu." Taja ngazi ya hospitali. Mtu aliyepitia wodi yenye akina mama wawili kitandani kimoja ameona mambo ambayo mwenzake wa kliniki tulivu hajayaona, na msomaji wako analijua hilo. Ulichotazama tu, sema ulitazama. Ukiandika kwamba uliendesha mashine ya kupumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi, uwe tayari kusimamishwa mbele ya mashine hiyo na kuulizwa kengele ile inalia kwa nini.

Warejelewa ni watatu, nao waombe ruhusa kabla hujaandika majina yao. Mkuu wa chuo anapendeza kwenye karatasi, lakini aliyekuona ukifanya kazi usiku ana uzito zaidi. Mpigie msimamizi wa wodi uliyofanyia mafunzo, mkumbushe wewe ni nani na ulikuwa kundi gani. Anahudumia wanafunzi wengi; usidhani anakukumbuka kwa jina.

Hatua ya 4: Jua milango ilipo

Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti, na kila kaunti, kati ya 47, ina bodi yake ya utumishi wa umma inayoajiri. Nairobi ina yake, na ndiyo inayohusika na hospitali kama Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Pumwani. Hospitali za kitaifa zina njia zao: Hospitali Kuu ya Kenyatta, ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Mathari. Matangazo hutoka katika tovuti zao na katika MyGov, lile chapisho la serikali linalotoka siku ya Jumanne. Tuma maombi kila mara yanapotoka, fuata maelekezo neno kwa neno, kisha usahau. Msururu ni mrefu na majibu huchukua miezi. Anayekaa nyumbani akingoja bodi huanza kupoteza mikono yake.

Soma pia masharti. Kandarasi ya miaka mitatu na ajira ya kudumu yenye pensheni ni vitu viwili tofauti, ingawa sare ni ile ile. Wahudumu walioajiriwa mwaka 2020 kwa kandarasi za mpango wa Afya kwa Wote wamepigania kwa miaka kupewa ajira ya kudumu. Sisemi ukatae kandarasi. Sema tu ndiyo ukijua unachokisemea ndiyo. Na kama huna mtoto wala mzazi wa kuangalia jijini, tazama kaunti nyingine. Watoto wa Nairobi hulia kwamba hakuna kazi huku wakikataa hata kufungua tangazo la Turkana au Tana River.

Hospitali kubwa za binafsi, kama Aga Khan ya Parklands, Nairobi Hospital, MP Shah, Mater ya South B, Gertrude's ya Muthaiga na Karen Hospital, hutangaza nafasi katika tovuti zao. Mara nyingi hutaka uzoefu wa mwaka au zaidi. Tuma hata hivyo, hasa panapotajwa wahitimu wapya, lakini usiweke mayai yako yote huko.

Hospitali za misheni naziona kuwa mahali bora pa kuanzia, na watu huzipita kwa sababu haziko katikati ya mji. Kijabe na Kikuyu ziko Kiambu, mwendo wa matatu tu. St. Mary's iko Lang'ata. Kazi ni nyingi na nidhamu ni kali, ila unafundishwa. Aliyetoka Kijabe hana haja ya kujieleza sana anapokuja mbele ya jopo.

Halafu kuna hospitali ndogo na vituo vya uzazi: Kayole, Umoja, Donholm, Eastleigh, Kasarani, Githurai, Rongai, Kitengela. Hapa ndipo wahitimu wengi huanzia. Zipo nzuri sana na zipo za kukimbiwa. Ukiingia, tazama ukutani: kuna leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC? Ngazi iliyoandikwa inalingana na wanachofanya? Kituo cha ngazi ya 2 hakipaswi kuwa na wagonjwa waliolazwa wamejaa ghorofa nzima. Kisha uliza maswali mawili bila aibu. Usiku kuna wauguzi wangapi? Daktari au tabibu analala ndani, au huitwa kwa simu? Ukijibiwa kwamba utakuwa peke yako, mhitimu mpya, na akina mama wenye uchungu, na daktari yuko Syokimau, asante na uondoke. Mshahara wa hapo hauwezi kulipa kosa moja litakalotokea saa tisa usiku.

Kutunza wagonjwa majumbani hulipa haraka na wengi huvutiwa. Kwa anayeanza, naona ni njia ya pembeni, ya kulipia kodi ya nyumba. Mwaka mzima wa kumgeuza mzee mmoja kitandani Lavington, bila mwenzako wa kukurekebisha, haukufundishi kazi ya wodi. Shule za bweni nazo hutafuta wauguzi, na hilo ni lile lile.

Hatua ya 5: Peleka miguu

Barua pepe ya mhitimu asiyejulikana husomwa ikibahatika. Uso husomwa. Panga ziara zako kwa barabara: siku moja Outering, siku nyingine Thika Road, nyingine Ngong Road. Nauli ya kuvuka mji mara mbili kwa siku itakumaliza kabla hujapata zamu moja, na mvua ikinyesha unajua mambo ya matatu.

Usifike asubuhi. Kati ya saa moja na saa nne watu wanakabidhiana zamu, wanatoa dawa, wanafuata daktari kitanda kwa kitanda. Jumatatu ni mbaya kuliko zote. Nenda katikati ya wiki, kati ya saa nane na saa kumi mchana. Vaa nguo safi, viatu vya kufunika vidole, kucha fupi. Muuguzi huangalia kucha za muuguzi mwenzake kabla ya macho.

Soja wa langoni msalimie vizuri, maana ndiye atakayekuambia kama matroni yuko. Umwombe huyo matroni, au muuguzi msimamizi. Usianze na mwenye hospitali. Maneno machache yanatosha:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, ni muuguzi, KRCHN, nimepata leseni mwezi uliopita. Naishi Umoja, naweza kufika hapa kwa nusu saa, mchana au usiku. Naomba kuacha karatasi zangu, mkiwa na pengo la zamu mnipigie."

Umesema kada, leseni, umbali na saa. Hayo manne ndiyo anayohitaji. Kama ni mtu wa rika lako, "habari sista" inatosha; shikamoo kwa mtu wa miaka thelathini itamfanya acheke. Omba namba yake ya kazi, na jioni umtumie ujumbe mmoja wa kushukuru wenye jina lako, kada yako na mtaa wako, ili akitafuta "muuguzi Umoja" simu ikuonyeshe. Baada ya wiki mbili, ujumbe mmoja tena. Kila siku ni usumbufu.

Kuna majira. Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti wauguzi husafiri na wodi hubaki na mapengo. Fanya ziara zako wiki chache kabla. Migomo ya hospitali za umma nayo husukuma wagonjwa kwenye za binafsi, na za binafsi huanza kupiga simu. Ule mgomo wa wauguzi wa 2017 uliendelea kutoka Juni hadi Novemba. Sikuambii uombee mgomo. Nakuambia simu yako iwe na chaji.

Ukiitwa lokamu, yaani zamu ya kuziba pengo, kabla ya kupanda matatu kubaliana mambo haya kwa ujumbe ulioandikwa: wodi gani, saa ngapi hadi saa ngapi, kiasi gani kwa zamu, na kinalipwa lini. "Tutaangalia" si kiasi, na "mwisho wa mwezi" bila tarehe si siku. Weka daftari la zamu zako, tarehe na jina la aliyekuita. Ukifika, fika mapema kidogo, omba uonyeshwe toroli ya dharura, oksijeni, mashine ya kunyonya na namba ya daktari wa zamu. Fanya hivyo hata kama umechoka na safari. Anayeuliza toroli iko wapi kabla ya kuuliza chai iko wapi huitwa tena.

Kufanya kazi bure "ili wakuzoee"? Siku moja ya kuonyeshwa mahali, sawa. Mwezi mzima, hapana. Una leseni.

Hatua ya 6: Kozi, lakini kwa kiasi

Lipia BLS, kozi ya kuokoa uhai ya msingi, kwa mtoaji anayetambulika. Inatajwa katika matangazo mengi na inaisha muda baada ya miaka 2. ACLS, ile ya juu ya kuokoa uhai wa mgonjwa wa moyo, ingoje hadi uwe na mshahara au unapoelekea chumba cha mahututi. Kozi za bure kuhusu kuzuia maambukizi zipo mtandaoni, za Shirika la Afya Duniani. Ukipata nafasi ya mafunzo ya dharura za uzazi au ya ETAT+, yale ya kupokea na kutibu dharura za watoto, ichukue hata kama itabidi ubadilishane zamu. Semina za hotelini za vyeti vya kupambia ukuta, waachie wengine.

Hatua ya 7: Mahojiano

Nimekaa upande wa pili wa meza mara kadhaa, na naweza kusema jopo halitafuti mtu anayejua yote. Linatafuta mtu asiye hatari. Maswali hurudi yale yale.

Hesabu za dripu karibu kila mara. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Fanya hesabu kwa sauti. Ukikosea katikati, sema "samahani, narudia", urudie. Kinachotutisha ni anayebahatisha.

Mama anavuja damu baada ya kujifungua. Anza na neno "naita msaada". Wengi huanza na dawa na kusahau kwamba wana mikono miwili tu. Kisha unakanda nyumba ya uzazi, oksitosini, branula mbili kubwa na maji, unatoa mkojo kwenye kibofu, unakagua kondo kama limetoka lote na kama kuna mchaniko, asidi ya traneksamiki ndani ya saa 3 tangu kujifungua, damu kwa ajili ya kupimwa kundi, na wakati wote unamwangalia mama usoni na kumwambia unachofanya. Unaandika saa ya kila kitu.

Kifafa cha mimba hufuata nyuma yake. Watakuuliza unachokagua kabla ya dozi nyingine ya magneziamu salfeti: kupumua si chini ya mara 16 kwa dakika, mkojo angalau mililita 30 kwa saa, goti linaruka likigongwa. Na dawa ya kuokoa ikizidi ni kalisiamu glukoneti. Hilo la mwisho huwatenganisha waliosoma na waliokariri.

Taka: pipa jeusi la taka za kawaida, njano la zenye maambukizi, jekundu la zenye maambukizi makali na viungo vya mwili, sindano kwenye sanduku lake. Ukichomwa na sindano iliyotumika: osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa, anza dawa za kinga mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72.

Swali gumu ni la tabia. "Daktari ameandika dozi unayoona imezidi, naye ni mkali. Utafanyaje?" Jibu linaloangusha watu ni "nitaitoa kwa sababu yeye ndiye daktari". Linalofuata kwa ubaya ni "nitakataa". Tunataka kusikia: sitatoa bado, nitakagua kitabu cha dawa na uzito wa mgonjwa, nitampigia na kumsomea dozi hiyo, akisisitiza, nitamwambia msimamizi wangu, na nitaandika nilichofanya.

Wakikuuliza mshahara, uwe umeshauliza wenzako katika hospitali za ngazi ile wanalipwa kiasi gani. Taja kiwango, si nambari moja, na uulize kama ni kabla ya makato. Baada ya SHA asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, NSSF na kodi, pesa inayofika M-Pesa ni nyingine.

Hatua ya 8: Anayeomba pesa hana kazi

Hakuna hospitali inayotoza ada ya mahojiano, ya "faili", wala ya sare kabla ya barua. Mtu akikuambia anamjua mtu kwenye bodi na anataka kitu kidogo, ana wateja wengine kumi aliowaambia hivyo hivyo kwa nafasi moja isiyokuwepo.

Ofa za ng'ambo kwa anayeanza zichukulie kwa tahadhari mara mbili. Wakala wa kweli amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na unaweza kukagua jina lake hapo. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuajiri wahudumu wa afya mwaka 2021, kwa hiyo anayekupigia kutoka chumba cha ghorofani River Road na kukuahidi Manchester bila kutaja njia hiyo, mkatie simu. Tena, waajiri wengi wa nje hutaka uzoefu kwanza. Uzoefu huo unaanzia Kayole.

Hatua ya 9: Kabla ya kutia sahihi

Omba siku moja usome kandarasi nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6 mwanzoni, na kikiongezwa ni kwa ridhaa yako. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, si chini yake. Kila malipo yaje na hati inayoonyesha makato, kwa sababu wapo wanaokata NSSF na isifike. Ingia mtandaoni kila baada ya miezi michache ukague.

Tafuta mistari miwili. Wa kwanza ni unaosema utalipia vifaa vilivyopotea au wagonjwa waliotoroka bila kulipa. Upo katika mikataba ya hospitali kadhaa ndogo, na mwezi mbaya mmoja unaweza kumaliza mshahara. Omba ufutwe. Wa pili ni wa kuwaachia vyeti vyako halisi "kwa usalama". Vyeti halisi hukaa kwako. Waonyeshe, wavikague, wachukue nakala zilizothibitishwa na wakili, urudi navyo nyumbani. Nimeona muuguzi akikosa nafasi Kenyatta kwa sababu cheti chake kilikuwa kimefungiwa kabatini mwa mtu aliyekasirika.

Uliza pia kama wana bima ya makosa ya kitaaluma na kama wewe umo. Ukiajiriwa serikalini, mwakilishi wa chama cha wauguzi atakutafuta mwenyewe, msikilize.

Hatua ya 10: Miezi ya kwanza

Chagua mtu mmoja wodini wa kumuuliza maswali, ikiwezekana muuguzi wa siku nyingi ambaye hapandishi sauti. Andika kila unachofanya wakati unakifanya, si mwisho wa zamu kwa kumbukumbu. Usichojua kukifanya, sema hujawahi. Leseni ina tarehe: iweke kwenye kalenda ya simu miezi miwili kabla, pamoja na pointi za mafunzo ya kuendelea ambazo Baraza hudai.

Kama mahali hapo hapakufai, toka vizuri. Wakati wa majaribio notisi ni siku 7, baada ya hapo ni kulingana na mkataba. Maliza zamu ulizopangiwa, kabidhi kadi na sare, halafu dai cheti cha utumishi. Ukiwa umefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, mwajiri analazimika kisheria kukupa, hata kama mmekosana. Kinaonyesha tarehe ulizoanza na kuondoka na kazi uliyofanya. Kiskani siku hiyo hiyo ukiongeze kwenye ile faili ya PDF, kwa sababu ndicho cha kwanza utakachoulizwa na hospitali kubwa iliyokuambia mwaka jana kwamba huna uzoefu.